Uchovu Uliojificha Nyuma ya Maumivu

Tabibu akiisha kuyakinisha kwamba mgonjwa wake ana faibromayalijia, yaani maradhi ya maumivu yaliyotapakaa mwilini pasipo jeraha wala uvimbe, aghalabu hufunga faili, na uchovu wote anaoulalamikia mgonjwa baada ya hapo huhesabiwa kuwa ni sehemu ya maumivu yale yale. Ni dhuluma isiyokusudiwa, kwani ugonjwa wa uchovu sugu una vigezo vyake wenyewe, na mtu aweza kuwa nayo maradhi yote mawili kwa pamoja.

Kinachowatatiza waganga ni kule kufanana: yote mawili huleta usingizi usioburudisha na ukungu wa akili, wala hapana kipimo cha damu kinachoyathibitisha. Kwa kanuni ya mwaka 1990, faibromayalijia ilitambulikana kwa kubonyeza sehemu 18 za mwili kwa kidole gumba mpaka ukucha wa daktari ugeuke mweupe, na zikiuma 11 au zaidi kwa mtu mwenye maumivu yaliyotapakaa, shauri lilikuwa limekwisha. Siku hizi huangaliwa zaidi jinsi maumivu yalivyoenea kwa miezi 3 au zaidi. Uchovu sugu, kwa vigezo vya Taasisi ya Tiba ya Marekani vya mwaka 2015, hutaka miezi 6 ya kupungukiwa na uwezo wa kazi za kawaida, usingizi usioburudisha, na ama akili kuzorota ama mwili kushindwa kustahimili kusimama. Na juu ya hayo yote, kuzidiwa baada ya juhudi.

Hilo la mwisho ndilo la kuulizwa kwa makini. Mama aliyefua mashuka asubuhi aweza kumaliza salama, akapika, akalala. Kisha kesho yake, au hata kesho kutwa, akaamka viungo vimelegea, koo linamuuma, mwanga wa dirishani unamchoma macho na kitana hawezi kukishika, akalazwa siku nyingi na kazi ya saa moja.

Tofauti hii hugeuza matibabu. Mwenye faibromayalijia peke yake hushauriwa mazoezi yanayoongezwa kidogo kidogo, na wengi hupata nafuu, ilhali mwenye uchovu sugu aweza kuangushwa na mazoezi hayo hayo, hata mwongozo wa tiba wa Uingereza wa mwaka 2021 ukakataza kumwongezea kwa kiwango kilichopangwa kabla. Basi, baada ya kupima upungufu wa damu, tezi ya shingo, kisukari na kifua kikuu, ambavyo navyo huchosha na vina dawa, daktari na amwambie mgonjwa aandike kwa majuma mawili kila alichofanya na jinsi alivyoamka siku mbili zilizofuata, kisha wayasome pamoja kabla ya kumwandikia zoezi lolote.