Goti la Bandia: Daktari Humaliza, Mgonjwa Huanza

Mwaka 2015 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Denmark ambao kwa haki ungefanywa miaka mingi kabla. Upasuaji wa kubadilisha goti ulikuwa umeshafanywa kwa mamilioni ya watu duniani, lakini ulikuwa haujalinganishwa ipasavyo na tiba isiyotumia kisu, kwa wagonjwa kugawanywa kwa bahati nasibu. Søren Skou na wenzake walichukua watu 100 wenye magoti yaliyolika, wote wakiwa wamefikia hatua ya kustahili upasuaji. Nusu yao walibadilishiwa goti, kisha wakapewa wiki 12 za mazoezi, elimu, ushauri wa chakula, nyayo maalumu za viatu na dawa za maumivu. Nusu ya pili walipewa hayo yote bila kupasuliwa.

Baada ya mwaka mmoja, watafiti walipima maumivu, dalili za goti, shughuli za kila siku na ubora wa maisha kwa kipimo cha alama 0 hadi 100. Waliopasuliwa walipanda kwa alama 32.5, wasiopasuliwa kwa 16. Upasuaji ulishinda, tena kwa mbali. Hata hivyo, utafiti huohuo ulikuwa na habari nyingine mbili. Kati ya watu 50 walioanza bila kisu, 13 tu ndio waliobadilishiwa goti ndani ya mwaka huo. Wengine waliweza kusubiri. Na matukio mabaya ya kiafya yalikuwa 24 katika kundi la upasuaji dhidi ya 6 katika kundi la pili. Miongoni mwake kulikuwa na damu kuganda kwenye mishipa ya mguu, maambukizi ndani ya kiungo, na goti kukakamaa hadi mgonjwa akarudishwa chini ya ganzi ili likunjwe.

Kwamba goti la bandia hufanya kazi, hakuna tena anayebisha. Kinachotafutwa sasa ni nani apasuliwe, lini, na afanye nini wiki zinazofuata. Majibu yanayotoka kwenye majaribio ya kitabibu yanaelekea upande mmoja: sehemu kubwa ya matokeo huamuliwa nje ya chumba cha upasuaji.

Kinachobadilishwa

Wengi hudhani goti zima hung'olewa na kuwekwa jingine. Sivyo. Kilichoharibika ni gegedu, tabaka linaloteleza na kufunika ncha za mifupa. Gegedu halina mishipa ya damu, kwa hiyo likishalika halijijengi upya. Mfupa wa paja hubaki ukisagana na mfupa wa muundi, na kila ngazi huwa adhabu.

Mpasuaji hukata milimita chache za ncha zilizoharibika, kisha huzifunika, kama daktari wa meno anavyovisha kofia jino lililochongwa. Upande wa paja huwekwa chuma, mara nyingi mchanganyiko wa kobalti na kromiamu. Upande wa muundi huwekwa sahani ya chuma, na juu yake kipande cha plastiki ngumu iitwayo polietilini, ambacho hushika nafasi ya gegedu. Kano za pembeni hubaki zilezile za mgonjwa. Kuzisawazisha, zisikaze upande mmoja zikalegea mwingine, ndiko kunakompambanua mpasuaji hodari.

Wazo lenyewe ni la kale. Mwaka 1890 huko Berlin, Themistocles Gluck aliwawekea wagonjwa viungo vilivyochongwa kwa pembe za ndovu, goti likiwamo. Wagonjwa wake walikuwa na kifua kikuu cha mifupa, na maambukizi hayo yaliharibu kazi yake. Muundo tunaoujua leo ulikomaa miaka ya 1970 kupitia watu kama John Insall wa New York na Michael Freeman wa London. Mwaka 1975 Sweden ikaanza kuandikisha magoti bandia katika rejista ya taifa, ili ijulikane lipi linadumu na lipi linalegea mapema.

Rejista za namna hiyo ndizo zilizowawezesha watafiti wa Bristol, Uingereza, kutoa jibu ambalo kila mgonjwa hulitaka. Mwaka 2019 walionyesha katika jarida la Lancet, kwa takwimu za Australia na Finland, kwamba magoti bandia takriban 82 kati ya 100 hudumu miaka 25 bila kuhitaji kurudiwa.

Wastani huo unaficha jambo. Utafiti mwingine wa Uingereza, uliochapishwa katika Lancet mwaka 2017, ulifuatilia uwezekano wa mtu kurudiwa upasuaji katika maisha yake yote. Kwa waliopasuliwa wakiwa na zaidi ya miaka 70, uwezekano ulikuwa karibu asilimia 5. Kwa wanaume waliopasuliwa mwanzoni mwa miaka ya 50, ulifika asilimia 35. Mwenye miaka 52 anatembea zaidi, anafanya kazi nzito zaidi, na ana miaka mingi zaidi ya kulitumia goti hilo. Upasuaji wa marudio ni mgumu kuliko wa kwanza, kwa kuwa mfupa umeshapungua. Ndiyo sababu daktari anaweza kumshauri mtu wa makamo asubiri, na ushauri huo si kumkwepa.

Msuli unaogoma

Mgonjwa akishatoka chumba cha upasuaji, chuma kimekaa mahali pake siku hiyohiyo. Msuli ndio unaoleta shida. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, waliwapima wagonjwa 20 kabla ya upasuaji na tena mwezi mmoja baadaye. Nguvu ya misuli ya mbele ya paja, ile inayonyoosha goti na kumwinua mtu kitini, ilikuwa imeshuka kwa asilimia 62. Unene wa misuli hiyo ulikuwa umepungua kwa takriban asilimia 10 tu.

Nguvu nyingine iliyopotea ilikwenda wapi? Jibu liko kwenye mishipa ya fahamu. Goti lililovimba na kuuma hupeleka ishara kwenye uti wa mgongo, na uti wa mgongo huzuia amri ya kukaza msuli. Mgonjwa anajitahidi kwa moyo wote, lakini sehemu ya msuli haipati amri. Kwa hiyo kupunguza uvimbe na kutuliza maumivu ni sehemu ya kujenga nguvu. Anayekataa dawa za maumivu kwa kujikaza kiume huishia kufanya mazoezi kidogo, na msuli wake huzidi kulala.

Kwa sababu hiyo hospitali nyingi siku hizi humsimamisha mgonjwa siku ileile ya upasuaji au kesho yake. Mtindo huo ulienezwa zaidi na Mdenmark Henrik Kehlet, aliyehoji kila sababu ya kumlaza mgonjwa kitandani: maumivu, kizunguzungu, mirija, na mazoea ya wodi. Kutembea mapema pia husaidia kuzuia damu isigande miguuni, hatari ambayo kwayo mgonjwa hupewa dawa ya kuzuia kuganda kwa wiki kadhaa.

Yaliyopunguzwa na majaribio

Kwa miaka mingi wagonjwa walifungwa kwenye mashine inayokunja na kukunjua goti taratibu kwa saa nyingi. Ilionekana ya kisasa, na wengi waliipenda. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2014, yaliyojumlisha tafiti 24, yalikuta kwamba mashine hiyo huongeza mkunjo wa goti kwa nyuzi 2 hivi, kiasi ambacho mtu hawezi kukihisi akipanda daladala.

Mkanda unaobana paja ili damu isitiririke wakati wa upasuaji nao umehojiwa. Humrahisishia mpasuaji kuona, lakini mapitio ya Cochrane ya mwaka 2020 yaliuhusisha na maumivu zaidi siku ya kwanza na madhara makubwa zaidi.

Kisha kuna suala la kulazwa. Huko Australia, wagonjwa 165 waligawanywa kwa bahati nasibu: baadhi walipata siku 10 za mazoezi wakiwa wamelazwa kabla ya kuendelea nyumbani, wengine walikwenda moja kwa moja kwenye programu ya nyumbani iliyosimamiwa na wataalamu. Baada ya wiki 26, makundi yote mawili yaliweza kutembea wastani wa mita 403 hivi kwa dakika 6. Kwa mgonjwa asiye na matatizo ya ziada, kitanda cha hospitali hakikuongeza kitu. Mazoezi yaliyofundishwa vizuri na kufanywa kila siku yalitosha.

Maumivu yanayobaki, na sakafu

Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2012 yaliweka wazi jambo lililokuwa likisemwa chinichini: takriban mgonjwa mmoja kati ya watano hubaki na maumivu ya muda mrefu. Anayeumwa sehemu nyingi za mwili, mwenye sonona au wasiwasi mkubwa, na ambaye eksirei yake inaonyesha uharibifu mdogo, yuko katika hatari zaidi ya kutoridhika. Kwa mtu wa aina hiyo kisu huenda kinatibu kitu ambacho si chanzo kikuu cha maumivu yake.

Matarajio nayo yana uzito. Kutembea kwenye tambarare kunahitaji goti likunjwe nyuzi 60 au 70 hivi, kuinuka kitini takriban 90 hadi 100, lakini kuchuchumaa chooni au kukaa tahiyatu kunahitaji zaidi ya 110, mara nyingine hata 150. Goti la bandia mara nyingi huishia karibu na 110 au 120. Watengenezaji walileta matoleo yaliyodaiwa kukunjika zaidi. Huko Seoul, Korea Kusini, nchi ambako watu huketi sakafuni, madaktari waliwawekea wagonjwa goti la kawaida upande mmoja na la aina mpya upande wa pili. Tofauti haikuwa ya maana. Kinachotabiri vizuri zaidi mkunjo wa baadaye ni mkunjo aliokuwa nao mtu kabla ya kupasuliwa.

Kwa wasomaji wetu hili ni jambo la kuulizwa mapema. Mama anayeosha vyombo akiwa kwenye kigoda kifupi, mkulima anayepalilia akiwa ameinama, muumini anayesujudu mara tano kwa siku: kila mmoja amweleze daktari anachotaka kukifanya na goti hilo, badala ya kusema tu kwamba linauma. Huenda jibu likawa choo cha kukaa na kiti cha kuswalia, na ni afadhali kulijua kabla.

Upasuaji huu unafanyika pia kwetu, Taasisi ya Mifupa Muhimbili jijini Dar es Salaam ikiwa mojawapo ya mahali hapo, na Malawi ilianza rejista yake ya viungo bandia tangu mwaka 2005. Familia nyingi hulipia kwa michango. Kikao cha mchango huulizana gharama ya kiungo na ya chumba cha upasuaji, kisha watu hutawanyika. Kwa ushahidi uliopo, bajeti hiyo haijakamilika mpaka iwe na nauli na ada ya mtaalamu wa fiziotherapia, dawa za maumivu za wiki za mwanzo, na mtu wa nyumbani wa kusimamia mazoezi. Na kabla ya kuanza kuchangisha, mgonjwa ajaribu kwa dhati wiki 12 za mazoezi, pamoja na kupunguza uzito kama amezidi. Akihitaji kisu baadaye, atakwenda na msuli wenye nguvu zaidi. Asipokihitaji mwaka huu, goti lake la bandia litakuwa na miaka michache zaidi ya kumtosha.