Kununua Spika si Kununua Sanduku

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Methali hiyo nimeijua tangu shule ya msingi, lakini maana yake niliionja likizo iliyopita, nilipofuatana na mjomba wangu kwenda kutafuta spika.

Mjomba alikuwa amestaafu baada ya kufanya kazi miaka 31 katika karakana ya vyuma mjini Mombasa. Kiinua mgongo chake kilikuwa kikigombaniwa na mawili: paa la nyumba lililokuwa likivuja, na santuri zake za taarab, 200 na ushei, anazozitunza kama mboni ya jicho. Tena kulikuwa na jambo la tatu lililomkata maini. Daktari alikuwa amempima masikio, akamwambia kwamba kelele za karakana pamoja na umri vimemwibia sauti nyembamba, na zilizoibwa hazirudi. "Mjomba," akaniambia, maana sisi huitana hivyo hivyo, "nataka nizisikie santuri zangu vizuri kabla mlango haujafungwa. Wewe unasoma Fizikia. Twende."

Kwanza nilimweleza spika ni kitu gani. Ndani yake mna koili ya waya iliyozungukwa na nguvu za sumaku. Umeme kutoka kwa amplifaya ukipita, koili hutikisika pamoja na koni, nayo koni huitikisa hewa. Muundo huu ulielezwa na Rice na Kellogg wa Marekani mwaka 1925, na hadi leo spika nyingi hufuata njia hiyo. Sikio zima la kijana husikia mitetemo 20 hadi 20,000 kwa sekunde, yaani hezi 20 hadi 20,000. Koni moja haiwezi kuubeba mzigo huo wote vyema. Ndiyo sababu wufa hushika sauti nene na twita hushika nyembamba.

Haya, tukaingia duka la kwanza. Muuzaji alituonyesha jozi mbili. Moja ilikuwa minara iliyonifika kifuani, bei Sh. 310,000. Nyingine ilikuwa visanduku vya kuwekwa juu ya stendi, Sh. 120,000. Akaipiga minara kwa kishindo hata vioo vikatetemeka. Visanduku akavipiga kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Mjomba akanigeukia, "Hapo hakuna swali, bwana!"

Kumbe swali lilikuwapo. Sikio la mwanadamu hudhani kwamba sauti iliyo juu kidogo ndiyo nzuri zaidi. Nilisoma vijitabu vya spika zile: kwa wati 1, umbali wa mita 1, minara ilitoa desibeli 89 na visanduku 86. Tofauti ya desibeli 3 ni sawa na kuongeza nguvu za amplifaya maradufu! Nikamwomba muuzaji asawazishe sauti, kisha nikamfunga mjomba leso machoni. Msidhani ni mchezo. Mwaka 1994 wataalamu Floyd Toole na Sean Olive walionyesha kwamba watu hutoa alama tofauti wakiziona spika na wasipoziona. Macho nayo husikiliza.

Zilipokuwa sawa, mambo yakageuka. Katika visanduku mwimbaji alikuwa kama amesimama mbele yetu. Minara nayo ilikuwa na twita kali iliyonichoma masikio. Lakini mjomba akaipenda! Ukali ule ulimrudishia kidogo alichoibiwa. Hapo nikakwama. Je, spika ichaguliwe kwa sikio langu, au kwa lake yeye mwenye pesa na mwenye santuri? Tukatoka bila kununua, muuzaji amenuna.

Nyumbani nikapima chumba: mita 4 kwa 3. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde. Ukigawanya kwa mara mbili ya urefu wa chumba, yaani 8, unapata takriban hezi 43. Ukifanya hivyo kwa upana unapata 57. Hizo ndizo sauti nene ambazo chumba chenyewe huzikuza zikavuma. Minara ingeulisha mvumo huo, na nafasi ya kuivuta mbali na ukuta haikuwapo. Dukani, kwenye ukumbi mpana, tusingeutambua. Debe la wahenga lilikuwa chumba cha mjomba!

Fundo la twita lilifunguliwa na mkaza mjomba, ambaye hajasoma Fizikia. Alisema, "Mmoja akiona chakula hakina chumvi, huongezewa sahanini. Haitiwi chungu kizima." Nikaruka kwa furaha. Amplifaya ya mjomba ina kitufe cha kuongeza sauti nyembamba! Basi spika iwe kweli kwa wote, naye akiwa peke yake ajitilie chumvi.

Duka la pili lilikuwa na visanduku vilevile, nao wakakubali tukae navyo siku mbili kwa arbuni. Tukaviweka nusu mita kutoka ukutani, twita sawa na masikio ya mtu aliyeketi. Umbali kati ya spika na spika tuliufanya sawa na ule wa kila spika hadi kitini. Sakafuni tukatandika zulia, dirishani pazia zito. Mjomba akaweka santuri, akazungusha kitufe kidogo, akanyamaza. Halafu akasema, "Mjomba, hii fidla ya pili ilikuwa wapi miaka yote hii?" Mkaza mjomba akageuza uso upande wa dirisha. Pesa zilizobaki ziliezeka paa.

Wenzangu, spika hununuliwa pamoja na chumba na masikio ya watakaosikiliza. Sawazisha sauti, funga macho, peleka santuri unayoijua, na ujaribu nyumbani kabla ya kulipa zote. Na masikio yenyewe yatunzeni! Wataalamu hushauri mtu asizidishe saa 8 kwa siku penye kelele za desibeli 85. Zikifika 88, saa 4 tu, na kila zikiongezeka 3, muda hupungua kwa nusu. Ninyi mnaolala na visikizi masikioni, mkumbukeni mjomba. Spika huuzwa madukani, lakini sikio halina duka.

Kiswahili kitukuzwe!