Maziwa, chuma na vidonge vya brusela

Kwa wafugaji wa Ngorongoro maziwa mabichi ni chakula cha kila siku, na ndiyo njia mojawapo ya bakteria wa brusela kuingia mwilini. Watafiti waliopima damu za wagonjwa wa homa katika Hospitali ya Endulen waliwakuta baadhi yao na bakteria huyo. Dalili zake hufanana na za malaria au taifodi, kwa hiyo wengi huzunguka na dawa zisizo zao. Akishagundulika, mgonjwa mtu mzima kwa kawaida hupewa doksisaiklini miligramu 100 asubuhi na jioni kwa wiki 6, pamoja na rifampisini. Na asubuhi, bomani, kuna chai ya maziwa.

Doksisaiklini ni ya ukoo wa tetrasaiklini. Hubana kalsiamu (imo kwenye maziwa), magnesiamu na chuma kama gando la kaa. Wanakemia waliupa mbano huo jina linalotokana na neno la Kigiriki la gando. Vikishabanana, dawa na madini havipenyi vizuri ukuta wa utumbo, huishia chooni.

Chai iachwe, basi? Tetrasaiklini ya zamani hupoteza nusu au zaidi ikikutana na maziwa, lakini doksisaiklini hupungua kwa takriban asilimia 20. Simnyimi mfugaji maziwa (yachemshwe, tafadhali). Ameze kidonge kwa maji mengi na ugali, asijilaze hapohapo, maziwa yafuate saa 2 baadaye.

Mwizi hasa wa dawa hii ni vidonge vya kuongeza damu, yaani vya chuma. Utafiti wa Finland wa miaka ya 1970 ulionyesha kuwa hata doksisaiklini iliyochomwa mshipani huisha mwilini upesi mtu akimeza chuma. Sababu ni kwamba sehemu ya dawa hurudi utumboni kupitia nyongo, na huko hukikuta chuma kinaingoja. Kupishanisha saa peke yake hakutoshi. Daktari aulizwe kama chuma kinaweza kusubiri hizo wiki 6. Mjamzito asikiache chuma chake: yeye kwa kawaida hapewi doksi.

Ukiwa kwenye duka la dawa mjini Karatu, mwonyeshe muuzaji vidonge vyote unavyotumia. Siprofloksasini, antibayotiki nyingine inayobanana na madini, ikimezwa pamoja na dawa ya kiungulia yenye alumini na magnesiamu, karibu yote hupotea. Dolutegravia, iliyomo katika dawa za kufubaza VVU, nayo humezwa saa 2 kabla ya dawa hiyo ya kiungulia au saa 6 baada yake. Chuma na kalsiamu inaweza kwenda navyo pamoja, ila kwenye mlo.