Picha Iliyobaki Nyuma ya Kona

Barabara inayopanda kutoka Mombo hadi Lushoto ina urefu wa kilomita zipatazo 33, nayo hufuata korongo la Soni kwa kona zinazopokezana upande wa mlima na upande wa bonde, na gari linaloendelea hadi Kifungilo, penye sekondari ya wasichana inayojulikana kote Tanzania, hukutana tena na vilima vinavyoweza kuukinga mnara wa simu. Katika njia ya namna hii kamera ya dashibodi, yaani kamera ndogo inayofungwa nyuma ya kioo cha mbele cha gari, inaporusha video mubashara ili mwenye gari aliye Tanga au Dar es Salaam aione barabara papo hapo, picha humfikia ikiwa imechelewa. Gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa hupita mita 8 na ushei kila sekunde, kwa hiyo mtazamaji aliyebaki nyuma kwa sekunde 20 hutazama mahali ambapo gari lilikwisha kupaacha kwa zaidi ya mita 160.

Ni rahisi kuulaumu umbali, lakini lawama hiyo haina mashiko. Mwanga ndani ya mkongo wa mawasiliano husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo hata kilomita 10,000 za mkongo huhitaji sehemu moja tu ya ishirini ya sekunde. Muda uliobaki karibu wote ni wa kusubiri, na sehemu kubwa ya kusubiri huko iliwekwa kwa makusudi.

Kusubiri huanzia ndani ya kamera yenyewe. Njia ya kubana video iitwayo H.264, iliyotolewa mwaka 2003 na ingali ikitumika sana, hutuma mara mojamoja fremu kamili, yaani picha nzima, na katikati yake hutuma tofauti tu kati ya picha moja na nyingine. Baadhi ya fremu hizo hukokotolewa kwa kutazama picha zinazofuata, jambo linaloilazimu kamera kuzingoja kwanza, na ndiyo maana fundi anayetaka kupunguza uchelewaji huzizima fremu za aina hiyo.

Hata hivyo, mlaji mkubwa wa muda ni mtindo wa usambazaji. Katika HLS, mfumo ulioletwa na Apple mwaka 2009, video hukatwa vipande, na kipande kikiwa cha sekunde 6 na programu ya kuchezea ikikusanya vitatu kabla ya kuanza, sekunde 18 zimekwisha kupotea. Akiba hiyo humfaa anayetazama filamu, kwa kuwa mtandao ukiyumba picha haikatiki, ila haimfai anayefuatilia gari mlimani. Kwa kazi hii hufaa zaidi WebRTC, mfumo uliotengenezwa kwa ajili ya mazungumzo ya video na kuidhinishwa kuwa kiwango rasmi mwaka 2021, ambao hutuma pakiti ndogondogo bila kungoja kipande kikamilike, na mtandao ukiwa mzuri uchelewaji hushuka chini ya sekunde moja.

Mtandao wa milimani, lakini, si mzuri kila mahali. Itifaki ya TCP, yaani kanuni ya kusafirisha data inayodai kila pakiti iliyopotea itumwe upya, huzizuia picha mpya nyuma ya picha ya zamani. Itifaki nyingine, UDP, haina sharti hilo, kwa hiyo mfumo ulioundwa juu yake unaweza kuiacha picha iliyopitwa na wakati na kuendelea na iliyopo. Kamera nayo yapaswa kupunguza ubora mara tu njia inapobana, la sivyo picha hupanga foleni ndani ya modemu na uchelewaji kuongezeka kila kona, ilhali nakala safi inaweza kubaki kwenye kadi ya kumbukumbu. Mfumo wa kufuatilia mabasi wa LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini Tanzania, hauna mzigo huu, kwani mwendo na mahali pa gari ni tarakimu chache tu.

Kuupima uchelewaji hakuhitaji mtambo wa gharama: kamera huelekezwa kwenye saa inayoonyesha sekunde, kisha saa hiyo na kioo cha simu inayopokea video hupigwa picha moja kwa pamoja, na tofauti ya sekunde ndiyo jibu. Kipimo hicho kikichukuliwa Lushoto mjini, gari likiwa limesimama, hakisemi lolote kuhusu korongo la Soni.