Sauti na data kwenye redio moja ya gari: kwa nini mgonjwa wa dharura anahitaji vyote viwili

Unaposikia gari la wagonjwa likipita Buseresere usiku, ndani yake kuna kazi mbili zinazoendelea. Ya kwanza ni kumhudumia mgonjwa. Ya pili ni kuwaeleza wanaomsubiri mbele anakuja nani, ana nini na amepewa nini. Hii ya pili huonekana ndogo, lakini ikienda vibaya inaweza kuua. Makala hii inaeleza jinsi chombo kimoja ndani ya gari kinavyoweza kubeba sauti na data, na kwa nini kimoja peke yake hakitoshi.

Kisa kilichonifundisha

Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza mama mwenye kifafa cha mimba. Kabla ya kuondoka nilikuwa nimempa dozi ya kwanza ya magneziamu salfeti, dawa inayozuia degedege. Njiani nikapiga simu mbele na kusema, "Dozi ya kwanza amepata saa saba na robo." Aliyepokea akaandika kwenye karatasi: 7:15.

Tulipofika, zamu ilikuwa imebadilishana mtu. Aliyetupokea alisoma 7:15 akaielewa kuwa ni saa moja na robo jioni. Dozi inayofuata hutolewa kila baada ya saa nne, kwa hiyo kwa hesabu yake mama alikuwa amechelewa sana. Akaanza kuandaa sindano. Ukweli ni kwamba hata saa mbili zilikuwa hazijapita. Dawa hii ikizidi mwilini hulegeza misuli na inaweza kusimamisha pumzi.

Kilichotuokoa ni utaratibu. Kabla ya kila dozi tunapima upumuaji, usiopaswa kuwa chini ya mara 16 kwa dakika, tunagonga goti kuona kama mguu unarusha, na tunaangalia kiasi cha mkojo. Goti halikurusha vizuri. Ndipo nikauliza, "Samahani dada, hiyo ni ya saa ngapi?" Sindano ikarudishwa kwenye trei.

Hakuna aliyekuwa mzembe pale. Sauti ilifika salama, ila namba ndiyo iliyopotea. Kama ningetuma pia ujumbe wa maandishi wenye "01:15", asingehitaji kubahatisha.

Sauti inafanya nini, data inafanya nini

Sauti ni kwa jambo linalobadilika sasa hivi na linalohitaji jibu. Usiku ule ule mama alipata degedege tena njiani. Hapo huwezi kuandika. Unahitaji daktari akusikie, akuulize swali na akupe maelekezo papo hapo, huku mikono yako ikiwa kwa mgonjwa.

Data ni kwa jambo lisilotakiwa kubadilika midomoni mwa watu: saa ya dawa, kipimo cha dawa, shinikizo la damu, mapigo ya moyo, muda wa kujifungua na mahali gari lilipo. Sitini na sabini husikika karibu sawa kwenye gari linalotikisika. Zikiandikwa 60 na 70 hazifanani hata kidogo. Tena maandishi hubaki, hivyo anayeingia zamu atasoma kile kile alichosoma mwenzake.

Je, redio moja inabebaje vyote?

Redio ya mawasiliano ya kwenye gari, ambayo wazee huiita simu ya upepo, hutumia njia moja ya mawimbi. Ukibonyeza kitufe cha kuzungumzia, unatuma. Ukiachia, unasikiliza. Ni kama daraja jembamba ambalo magari hupita upande mmoja kwa zamu.

Data ikitaka kupita hapo, kifaa kidogo huigeuza kuwa milio ya haraka, na redio ya upande wa pili huirudisha kuwa maandishi. Ujumbe wa herufi 160, kwa mwendo wa biti 1,200 kwa sekunde ambao redio nyingi za zamani huumudu, huchukua kama sekunde moja tu. Kwa hiyo redio husubiri watu wanyamaze, data inapenya, kisha mazungumzo yanaendelea, kama bodaboda inavyopenya kati ya malori kwenye foleni. Sharti ni kwamba data iwe fupi. Ukituma picha kubwa kwenye njia hiyo, umefunga daraja, na mwenye degedege hana pa kuombea msaada.

Redio za kidijitali hugawa njia hiyo kwa muda. Mfumo wa DMR hugawa njia moja katika zamu mbili za milisekunde 30 kila moja, hivyo gari moja huweza kuzungumza huku jingine likituma data. Mfumo wa TETRA hugawa zamu nne, na ujumbe mfupi unaweza kupita hata wakati mtu anaongea.

Na simu ya mkononi?

Huku kwetu redio hizo unaziona zaidi kwenye magari ya polisi na ya migodi. Magari mengi ya wagonjwa hutegemea simu ya dereva au ya nesi. Lakini tatizo ni lile lile. Simu ikiwa kwenye mtandao wa 2G, ukipiga simu intaneti husimama. Fomu uliyojaza itabaki imeandikwa "inatuma" mpaka ukate simu. Kwenye 3G unaweza kuongea na kutuma kwa pamoja.

Jambo zuri ni kwamba ujumbe wa kawaida wa SMS hupita hata ukiwa unaongea kwenye 2G. Na gari likiingia sehemu isiyo na mtandao, simu ya sauti hukatika, lakini SMS iliyoandikwa hubaki kwenye simu na unaweza kuituma mtandao ukirudi. Ndiyo maana mimi, hata nikiwa na programu nzuri ya simu, huandaa SMS kabla gari halijawashwa.

Si jambo geni kwetu

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 madaktari wa ndege wa AMREF walianza kutumia redio kuunganisha Nairobi na hospitali za mbali. Huko Iganga, Uganda, mradi wa RESCUER ulioanza mwaka 1996 uliweka redio kwenye vituo vya afya na magari ya wagonjwa, na wakunga wa jadi walipewa redio za mkononi. Hiyo ilikuwa sauti peke yake, lakini tayari wakunga waliweza kuita gari.

Hapa Tanzania tuna m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura ulioanzia Sengerema na Shinyanga, kisha ukazinduliwa kitaifa mwaka 2022. Mtu hupiga 115 bila malipo. Hiyo ni sauti. Aliyepokea hujaza taarifa kwenye programu inayomsaidia kuamua ukubwa wa tatizo, kituo cha kumpeleka na gari la kumchukua. Hiyo ni data. Kwa mtu wa Buseresere hili lina maana kubwa. Mji wetu umeshikana na Katoro, huku ni Chato, kule ni Geita. Kuamua gari lielekee upande gani ni jambo linalotakiwa kujulikana kabla gari halijaingia barabarani.

Ujumbe mzuri unafananaje?

Kwa wahudumu wenzangu, huu ni mfano:

"Mama 24, mimba ya 2, wiki 37. Degedege 00:50. BP 170/115. MgSO4 dozi ya kwanza 01:15. Pumzi 18. Mpira wa mkojo upo. Tumeondoka 02:00."

Zingatieni haya:

1. Andika saa kwa mfumo wa saa 24. Ukizungumza, taja na usiku au mchana.
2. Tuma ujumbe kwanza, kisha piga simu na uombe mwenzako akusomee ulichotuma.
3. Njia ibaki wazi kwa sauti. Data fupi tu, picha baadaye.
4. Usitaje jina la mgonjwa kwenye redio ya kawaida, kwani mwenye redio yoyote ya masafa hayo anaweza kusikia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda hata aliyelala kwenye machela.
5. Hakikisha redio au simu ina chaji kabla ya kuondoka, kama unavyohakikisha gesi ya oksijeni.

Na wewe mwanafamilia?

Mama mjamzito akiumwa kichwa kikali, akiona ukungu machoni, akivimba uso na mikono, akipata degedege au akitokwa damu, usisubiri kuche. Piga 115 au mfikishe kituo cha afya kilicho karibu. M-mama huhudumia wajawazito, waliojifungua hadi siku 42, na watoto wachanga hadi siku 28.

Utakapopiga, sema mahali mlipo kwa alama inayojulikana, dalili zilianza saa ngapi, na dawa gani amekunywa, hata kama ni ya kienyeji. Hakuna atakayekugombeza. Kisha chukua kadi ya kliniki uiweke mkononi mwa nesi. Kadi ile nayo ni data, na haihitaji mtandao.