Pesa ya Bia ya Hisani Inatoka Mfukoni mwa Nani?

Asubuhi ya tarehe 8 Novemba 2018, kulabu chakavu iliyoshikilia waya wa umeme wa kampuni ya PG&E ilikatika katika milima ya kaskazini mwa California, Marekani. Moto ulioanzia hapo ulisukumwa na upepo mkavu mpaka mji wa Paradise, na siku hiyohiyo sehemu kubwa ya mji ikawa majivu. Watu 85 walikufa na majengo zaidi ya 18,000 yaliteketea. Bondeni, katika mji jirani wa Chico, kipo kiwanda cha bia cha Sierra Nevada. Baadhi ya wafanyakazi wake walikuwa wakazi wa Paradise, na walirudi kazini wakiwa hawana nyumba.

Siku 19 baadaye, tarehe 27 Novemba, kiwanda hicho kilipika bia kikaiita Resilience, yaani ustahimilivu. Mwanzilishi wake, Ken Grossman, alikuwa ameviandikia viwanda vya bia nchi nzima akiviomba vipike bia hiyohiyo, kwa mapishi aliyoyatoa bure, kisha mauzo yote yaende kwa waathirika wa moto. Viwanda zaidi ya 1,400 viliitikia. Katika historia ya bia ndogondogo, zile zinazopikwa na viwanda visivyo vya makampuni makubwa, sijui mwito mwingine ulioitikiwa kwa kasi ile.

Habari kama hii husimuliwa kwa furaha na kuishia hapo. Mimi nataka tuifungue, maana ndani yake mna ufundi wa kupika na ufundi wa hesabu, na ule wa pili ndio unaoamua kama mtu aliyeunguliwa na nyumba atapata kitu.

Tuanze jikoni. Kwa nini bia, na kwa nini aina ile? Kimea cha shayiri hupasuliwa kwenye mashine bila kusagwa kuwa unga, maganda yakibaki karibu mazima, kwa sababu maganda hayo ndiyo yatakayokuwa chujio baadaye. Huchanganywa na maji ya moto, nyuzijoto 66 hivi, na kuachwa kwa saa moja. Ukiuonja mchanganyiko huo mwanzoni utakutana na ladha ya nafaka tu. Uonje tena baada ya saa moja: ni mtamu wa kunata midomoni, maana vimeng'enya vya kimea vimekwisha kuvunja wanga kuwa sukari. Maji hayo matamu huchujwa, yakachemshwa pamoja na hopsi, yale maua ya kijani yanayotia uchungu, harufu na kinga dhidi ya kuharibika. Wapishi wa mbege, pombe ya ndizi na ulezi ya huko Kilimanjaro, wanaujua umuhimu wa uchungu huo. Wao hutumia magome ya msesewe. Baada ya hapo huja kupoza, kutia hamira na kungoja.

Kungoja ndiko kulikoamua aina ya bia. Laga, jamii ya bia inayouzwa zaidi katika baa zetu, huchachuka kwenye baridi na hutaka muda mrefu wa kulazwa. Eli huchachuka kwenye joto la kawaida la chumba, nyuzijoto 18 hadi 20, na kazi kubwa ya hamira huwa imekwisha ndani ya wiki moja. Kiwanda kinachotaka kusaidia watu waliolala kwenye mahema hakina nafasi ya kungoja laga. Resilience ilikuwa eli ya mtindo wa IPA, ule wa hopsi nyingi, yenye kilevi cha asilimia 6.5, iliyotiwa hopsi za Cascade na Centennial. Hizo si hopsi adimu. Karibu kila mpishi wa Marekani alikuwa nazo stoo au angezipata kwa siku chache, na Cascade ndiyo iliyoipa bia ya kwanza maarufu ya Sierra Nevada sifa yake tangu 1980. Mapishi yale yaliandikwa na mtu aliyefikiria stoo za wenzake. Huo ni ufundi ninaouheshimu kuliko kutunga bia ya ajabu isiyoweza kupikwa na mwingine.

Kampuni za kimea na hopsi nazo ziliombwa zitoe malighafi bure. Wengi hulipita jambo hili haraka, ilhali lina uzito wake katika hesabu. Tuchukue mfano wa kubuni. Glasi moja inauzwa shilingi 6,000 kwenye kiwanda kidogo cha Arusha. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18, kwa hiyo ndani ya 6,000 kuna shilingi 915 za serikali, zinabaki 5,085. Tuseme malighafi ni 1,200, na ushuru wa bidhaa, umeme, maji, mishahara na pango vikijumlishwa ni 2,885. Faida ni shilingi 1,000.

Sasa soma bango la ukutani. Likisema "faida yote itakwenda kwa waathirika wa mafuriko", kila glasi imetoa shilingi 1,000, tena kwa hesabu ya mwenye kiwanda mwenyewe, ambaye anaweza kuongeza gharama za matangazo na faida ikayeyuka bila yeye kusema uongo. Likisema "mauzo yote", kila glasi imetoa 5,085, na mwenye kiwanda amebeba mzigo wa 4,085 kutoka mfukoni mwake. Kimea na hopsi vikitolewa bure, mzigo huo unashuka hadi 2,885. Wapishi wakijitolea siku yao ya mapumziko, unashuka tena. Mnywaji amelipa 6,000 ileile katika kila hali. Kwa hiyo ukarimu wa bia ya hisani hauko sana kwa anayeinywa; uko kwa mkulima wa hopsi, kwa mwuza kimea, kwa mpishi na kwa mwenye tangi, kila mmoja akiachia fungu lake. Ndiyo maana mimi hupendelea ahadi ya kiasi maalumu, kwa mfano shilingi 2,000 kwa kila glasi. Mteja anaweza kuihakiki kwa kuhesabu glasi, na mhasibu hana pa kuipindisha.

Resilience iliahidi mauzo yote, ahadi nzito kuliko zote. Fedha zilielekezwa kwenye mfuko uliosimamiwa na taasisi ya hisani ya benki ya hukohuko, Golden Valley Bank, na Sierra Nevada yenyewe ilitangulia na dola 100,000. Matarajio ya jumla yalitajwa kufika dola milioni 15. Ukafika mwaka 2019, na Grossman akalazimika kuandika tena: viwanda vingi vilivyojiandikisha vilikuwa bado havijatuma kitu.

Sidhani kwamba wengi wao walikuwa wezi. Kiwanda kidogo huishi kwa pesa ya wiki hii kulipa mishahara ya wiki hii. Bia ya hisani ikiuzwa Desemba, pesa yake ikiingia kwenye akaunti moja na pesa nyingine, Januari ikija na mauzo duni, ile pesa ya watu huwa imekwisha kulipa umeme. Mwenye kiwanda anajiambia ataifidia mwezi ujao. Yeyote aliyewahi kushika daftari la harambee anaijua hali hii: ahadi zinazotolewa kwa kipaza sauti mbele ya mgeni rasmi, kisha mweka hazina anabaki kupiga simu miezi mitatu. Tofauti ni kwamba katika harambee mwenye ahadi anaahidi pesa yake, na hapa anayechelewa ameshikilia pesa ambayo mnywaji amekwisha kuitoa. Hilo ni kosa zito zaidi, hata kama halikukusudiwa. Dawa yake ni ya kawaida kabisa: akaunti ya pekee, pesa ihamishwe kila jioni baada ya kufunga mauzo, na jumla ibandikwe pale pale palipobandikwa tangazo.

Mwaka 2020 ulileta miito miwili mingine mikubwa, na kila mmoja ulipangwa tofauti. Mwezi Machi, baa zilipofungwa kwa ajili ya korona, kiwanda cha Other Half cha Brooklyn kilitoa mapishi na nembo ya bia ya All Together, ili kila kiwanda kisaidie wahudumu wa baa na mikahawa wa eneo lake. Mwezi Juni, baada ya polisi kumuua George Floyd, Mmarekani mweusi, Marcus Baskerville wa kiwanda cha Weathered Souls, San Antonio, alitoa mapishi ya stauti nzito, bia nyeusi aliyoiita Black Is Beautiful. Viwanda zaidi ya 1,000 viliipika, katika majimbo yote 50 ya Marekani na nchi nyingine kadhaa. Baskerville hakutaka bia zifanane. Alitoa msingi tu, kila mpishi aongeze cha kwake, na pesa ziende kwa asasi za hapo hapo zinazoshughulikia haki na mageuzi ya polisi.

Kwa mpishi, stauti nzito ni msingi mzuri wa mwito wa namna hiyo. Kimea kilichokaangwa hadi kikawa cheusi kina ladha ya kahawa na kakao, na ladha hizo hubeba vionjo vingi bila kuzidiwa: buni halisi, vanila, nazi, hata pilipili. IPA ni nyepesi kuharibika, na hopsi zake hazipendi kuingiliwa. Aliyechagua stauti alijua kuwa watu wengi wataigusa bia yake, akachagua ile inayostahimili mikono mingi.

Kupika pamoja hakukuanza na majanga. Vinnie Cilurzo wa Russian River, California, na Adam Avery wa Avery, Colorado, waligundua kuwa kila mmoja ana bia iitwayo Salvation. Kwa kawaida mambo kama hayo huishia kwa mawakili. Wao walichanganya bia zao mbili, na mchanganyiko huo wakauita Collaboration Not Litigation, yaani ushirikiano, si kesi. Mimi naiona bia ile kuwa na maana kuliko nyingi zilizokuja baadaye, kwa sababu kila mmoja alimfungulia mwenzake milango ya kazi yake. Mpishi anayemwonyesha mshindani wake joto la matangi yake na namna anavyotunza hamira amempa kitu ambacho hakinunuliki dukani.

Afrika Mashariki tumeguswa na jambo hili moja kwa moja. Mwaka 2016 kiwanda cha Beau's cha Ontario, Kanada, kilichangisha fedha kwa njia ya intaneti ili kumsaidia mwanamke mfanyabiashara wa Kigali kuanzisha kiwanda kidogo cha bia. Walichoahidi kukitoa pamoja na pesa kilikuwa ujuzi. Ni wazo zuri, hasa kwa nchi ambayo tayari ina wapishi hodari wa urwagwa wa ndizi na ikigage cha mtama. Hapa kwetu, mwanamke anayepika pombe ya nafaka kijijini amekuwa mchangishaji tangu zamani bila kuitwa hivyo. Ada za shule za watoto wengi zimetoka kwenye mtungi, na mashamba mengi yamelimwa na majirani walioalikwa kwa pombe. Alichokosa ni leseni nafuu, maji safi ya uhakika na kipimajoto, kupika anakujua.

Kuna jambo sitaki kulipita. Pombe inaumiza. Shirika la Afya Duniani lilisema waziwazi mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha unywaji kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Wasomaji wangu wengi hawanywi kabisa, kwa dini au kwa hiari, na nyumba nyingi zimevunjwa na kilevi. Kwa hiyo mchango wa bia unaosema "kunywa zaidi, saidia zaidi" mimi siuungi mkono. Mpishi anayejali hupika tangi moja, hutangaza idadi ya glasi zilizomo, na zikiisha zimeisha. Pembeni huweka kinywaji kisicho na kilevi chenye mchango uleule. Kimea ni kimea. Togwa ya ulezi iliyopozwa vizuri inaweza kubeba shilingi 2,000 za hisani sawasawa na IPA yoyote, tena na watoto wakawepo.

Viwanda vidogo vya bia vimeanza kuonekana katika miji yetu, na natamani kimojawapo kijaribu jambo hili msimu ujao wa mvua, pale madaraja yanapokatika na shule zinapoezuliwa mapaa. Kipike eli ya mtama na ndizi, yenye uchungu wa msesewe badala ya hopsi za kuagizwa, na mpishi wa mbege alipwe kama mshauri na jina lake liandikwe kwenye nembo. Mwuza kimea atoe gunia. Viwanda vingine viwili vipike mapishi hayohayo. Kiasi cha kila glasi kiandikwe kwa shilingi, jina la shule liandikwe, na mwenyekiti wa kamati ya shule apewe nakala ya risiti ya benki kila Jumatatu.