Merikebu Iendayo Chini ya Maji: Jinsi Inavyojificha

Katika mazungumzo haya tumekusudia kueleza habari za merikebu iendayo chini ya maji, ambayo siku hizi huitwa nyambizi. Huenda msomaji aliye Rwamgasa, katika nchi ya Geita, akasema, "Bahari iko mbali nasi, hayo yatuhusu nini?" Twamjibu kwa mambo mawili. Kwanza, mamia ya askari wa Afrika Mashariki walikufa kwa silaha hiyo katika siku moja. Pili, mchimbaji wa dhahabu aweza kuifahamu nyambizi upesi kuliko watu wengi, maana yeye naye hushuka mahali penye giza, penye hewa haba, na penye maji yanayotaka kuingia.

Mwezi wa Februari 1944, zamani za vita kuu ya pili, msafara wa meli tano zilizochukua askari ulitoka Kilindini, Mombasa, kwenda Colombo katika kisiwa cha Ceylon, ambacho sasa ni nchi ya Sri Lanka. Ulilindwa na manowari kubwa Hawkins, pamoja na manowari mbili ndogo ziendazo mbio, Paladin na Petard. Katika meli moja, jina lake Khedive Ismail, walikuwamo watu 996 wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki, Waafrika pamoja na maofisa wao Waingereza. Walikuwamo pia mabaharia na wauguzi wanawake.

Tarehe 12 Februari, mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Wajapani iitwayo I-27 iliurushia msafara topido, yaani kombora liendalo ndani ya maji. Topido mbili ziliipiga Khedive Ismail, nayo ikazama kabla ya dakika tatu kwisha. Watu 1,297 walikufa. Waliookoka walikuwa 214 tu. Kisha nyambizi ikajificha chini ya maji pale pale walipokuwa wakielea waliookoka. Manowari Petard ililazimika kuangusha mapipa ya baruti yalipukayo chini ya maji, ingawa watu wetu walikuwa humo majini, kwa kuwa kuiacha nyambizi kungehatarisha meli nyingine zote. Mwishowe I-27 iliibuka kwa kujeruhiwa, ikapigwa kwa mizinga, na topido ya Petard ikaimaliza.

Nyambizi ile ilikuwa na urefu upatao mita 109. Je, chombo kikubwa namna hiyo kiliwezaje kuukaribia msafara wenye walinzi pasipo kuonekana? Hilo ndilo tutakalolieleza.

Kuzama na kuibuka

Wahenga walisema, Ukiona vyaelea, vimeundwa. Nasi twaongeza kwamba chombo kinachozama kwa kupenda na kuibuka kwa kupenda kimeundwa kwa kazi kubwa zaidi. Chukua chupa tupu, uizibe, uitie katika ndoo ya maji: itaelea. Izibue hata ijae maji: itazama. Nyambizi nayo ina matangi makubwa. Nahodha akitaka kuzama, hufungua matundu ili maji ya bahari yaingie na hewa itoke. Akitaka kuibuka, huachia hewa iliyoshindiliwa katika mitungi ya chuma. Hewa hiyo huyasukuma maji nje, na chombo kikawa chepesi tena.

Watu hukaa ndani ya ganda nene la chuma, lenye umbo la mviringo kama bomba kubwa, maana umbo hilo hustahimili uzito wa maji kuliko umbo la sanduku. Katika kina cha mita 100, maji husukuma kila sentimita moja ya mraba kwa uzito wa kilo 10 hivi.

Shida ya pumzi

Lililo gumu si kuzama, bali ni kupumua. Injini ya dizeli hula hewa na kutoa moshi. Mchimbaji ajua hatari yake: injini ya pampu ikiteremshwa shimoni, moshi wake waweza kuua watu wote waliomo, na sumu moja iliyomo katika moshi huo haina rangi wala harufu. Kwa sababu hiyo hiyo baharia hawezi kuwasha dizeli akiwa amefungiwa chini ya bahari.

Basi nyambizi ya kawaida ina mitambo ya namna mbili. Ikiwa juu ya maji hutumia dizeli, ambayo pia hujaza betri. Ikizama, dizeli huzimwa, na mtambo wa umeme huzungusha rafadha kwa nguvu ya betri. Umeme hauli hewa wala hautoi moshi, tena hauna kelele nyingi. Lakini betri huisha. Nyambizi za aina ya I-27 ziliweza kwenda maili 14,000 za bahari zikiwa juu ya maji. Chini ya maji ziliweza kwenda maili 96 tu, kwa mwendo wa maili 3 kwa saa, yaani mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu. Baada ya saa 32 hivi ilipasa ziibuke, na hapo ndege na manowari huweza kuziona.

Katika vita hiyo hiyo Wajerumani walitumia bomba refu la kupumulia, ambalo Waholanzi walikuwa wamelitumia kabla yao. Nyambizi hukaa chini kidogo ya mawimbi na kuchomoza bomba tu, ili dizeli ipate hewa. Lilisaidia, lakini ncha ya bomba yaweza kuonekana kwa rada, na ngurumo ya dizeli husikika mbali.

Siku hizi mafundi wamepata njia nyingine. Waswidi walijenga nyambizi ya Gotland, iliyoanza kazi mwaka 1996, ambayo huchukua oksijeni iliyogeuzwa majimaji kwa baridi kali, nayo huweza kukaa chini majuma mawili hivi. Wajerumani huunganisha hidrojeni na oksijeni pasipo kuwasha moto, wakapata umeme na maji. Wajapani nao, mwaka 2020, waliitoa nyambizi Oryu yenye betri za lithi, jamaa ya zile zilizomo katika simu za mkononi.

Shida ya sauti

Macho hayafiki mbali ndani ya bahari, lakini masikio hufika. Sauti hupita majini mita 1,500 hivi kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Ndiyo sababu anayewinda nyambizi hutega vyombo vya kusikilizia, au hutoa mlio na kungoja mwangwi wake, kama mtu aitaye mbele ya jabali.

Mjenzi wa nyambizi hupigana na sauti kwa njia nyingi. Mitambo huwekwa juu ya mpira, ili mtetemo usifike kwenye ganda. Rafadha huwa kubwa na huzunguka polepole, maana ikienda mbio hufanya mapovu, na mapovu hayo yakipasuka hupiga kelele. Nje, ganda hufunikwa vigae vya mpira vimezavyo mlio wa mwindaji. Wajerumani walikwisha kulifanya jambo hilo katika nyambizi kadhaa kabla ya mwisho wa vita. Bahari yenyewe pia husaidia. Katika bahari zetu za joto, maji ya juu yana moto na ya chini yana baridi. Sauti ikifika mpakani hupinda, na nyambizi iliyo chini ya mpaka huo ni vigumu kusikika.

Wamarekani waliikodi Gotland pamoja na mabaharia wake, tangu 2005 hata 2007, wapate kujizoeza kuitafuta. Hapa twaona kweli ya methali isemayo, Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Kulinda pwani

Kwa ulinzi wa pwani, ukubwa si faida daima. Mkondo ulio kati ya Unguja na bara una maji machache. Nyambizi ndefu ingekosa nafasi ya kugeuka humo, na katika maji maangavu ndege ingekiona kivuli chake. Mkondo wa Pemba una kina kirefu, wenye mamia ya mita. Kwa hiyo mjenzi hupima kwanza bahari yake, ndipo apime chuma. Gotland ina urefu wa mita 60 hivi tu. Chombo kidogo namna hiyo chaweza kulala juu ya mchanga, mitambo imezimwa, kikangoja. Lakini udogo nao una gharama: betri chache, chakula kichache, na nafasi ndogo ya kulala. Katika bara letu, Afrika Kusini ilipata nyambizi tatu zilizojengwa Ujerumani, kati ya 2005 na 2008.

Nyambizi hulindwa na mambo mawili, pumzi iliyowekwa akiba na ukimya. Ikikosa moja, imepatikana. Askari wetu wa Khedive Ismail hawakuona adui aliyewaua. Ukumbusho wao umo katika makaburi ya vita ya Nairobi, na afikaye huko aweza kuyasoma majina yao.

Nanyi mshukao mashimoni, shikeni neno hili moja la mabaharia: mahali palipofungwa, msiwashe injini ilayo hewa. Iacheni juu, mteremshe bomba la pampu peke yake.